Wenye Kipande na Wasio Nacho: Historia ya Ifo kwa Macho ya Mwenyeji

Ifo ilianza kwenye karatasi. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Mogadishu Januari 1991, watu walivuka mpaka kwa maelfu na kuingia Kenya kupitia Liboi, wachache kwa magari na wengi kwa miguu, na kabla mwaka haujaisha UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilikuwa imefungua kambi yake ya kwanza kilomita chache kutoka mji wa Dadaab. Wapimaji waliugawa mchanga kwa rula: kambi ikawa na sehemu, sehemu ikawa na bloku, na kati ya bloku zikaachwa barabara pana ili moto ukishika upande mmoja usirukie wa pili. Dagahaley na Hagadera zilifuata mwaka 1992. Zote tatu zilipangiwa watu 90,000. Mchoro ulionyesha mabomba ya maji, zahanati, ghala la chakula na mahali pa polisi. Nyumba haukuzionyesha, kwa sababu nyumba waliachiwa watu wenyewe.

Wakazijenga kina mama. Walikata matawi wakayapinda, wakayafunga kwa kamba na vitambaa, wakayafunika kwa turubai za UNHCR, magunia ya mahindi na nguo kuukuu. Kwa desturi ya wafugaji wa Kisomali aqal, nyumba ya kuhamahama, hujengwa na mwanamke na ni mali yake. Hubomolewa asubuhi, hubebwa na ngamia, na jioni husimamishwa mahali pengine. Mwanamke aliyefika Ifo bila ngamia, bila mume na bila sufuria alikuja na ujuzi huo mikononi, na ndio uliowapa watu paa kabla mradi wowote wa makazi haujafika. Sijawahi kuona taarifa ya miaka ile iliyoandika kazi hiyo kuwa mchango wa jamii. Ilichukuliwa kama mvua, kitu kinachokuja chenyewe.

Mimi si mkimbizi. Nilizaliwa Dadaab mjini, upande wa wenyeji, na sasa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya Garissa. Wageni wanaokuja kuandika juu ya kambi huniuliza habari za vita, njaa na ugaidi. Ni mara chache kuulizwa nani aliiendesha Ifo siku hadi siku kwa zaidi ya miaka thelathini. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu siku hizi kila mradi unaoletwa kwetu huja na ahadi ya kuishirikisha jamii, na wanaoahidi huzungumza kana kwamba jamii ilikuwa imeketi kivulini ikiwasubiri.

Lazima nianze na hali yetu sisi tuliowapokea. Kaskazini Mashariki ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu vita vya shifta vya miaka ya 1960, na sheria hizo zilifutwa mwaka huohuo wa 1991. Miaka miwili kabla, mwaka 1989, Wasomali wa Kenya walikuwa wamepangishwa foleni na kuhojiwa uraia wao, kisha wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Dadaab yenyewe ilikuwa kituo kidogo chenye maduka machache, kisima na polisi. Ukame wa 1991 na 1992 uliangamiza mifugo, na familia zilizokuwa zikihesabu ng'ombe kwa makundi zikabaki zikihesabu kwa vidole. Watu hao, waliokuwa wakishukiwa na nchi yao na wamefilisika, ndio waliotakiwa kuwa wenyeji wa ulimwengu mzima. Wengine walijiandikisha kambini wapate unga. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu watoto wao wamelilipia ghali.

Hooyo, mama yangu, aliuza maziwa. Ngamia wetu waliobaki walikuwa malishoni na adeer zangu, ndugu za baba. Maziwa yalikamwa alfajiri, yakatiwa kwenye jerikeni zilizofukizwa moshi ili yasiharibike haraka, yakafika barabarani kwa punda na kupandishwa gari lolote lililokuwa likielekea Dadaab. Kufikia adhuhuri yalitakiwa yawe Ifo. Yaliyochacha njiani hayakumwagwa: yaligeuzwa suusac, maziwa ya mgando, na kuuzwa kwa bei yake. Kwa watoto wa kambini waliokuwa wakila mahindi, unga wa ngano, maharagwe na mafuta ya mgao, kikombe cha maziwa kilikuwa kitu kikubwa, na mama zao waliuza sehemu ya unga ule ili wakipate. Wakubwa wa miradi walilalamika kwamba wakimbizi wanauza chakula cha msaada. Ndiyo, waliuza. Mtu hawezi kula ngano mwaka mzima bila chumvi, bila nyama na bila maziwa.

Ifo, hooyo alimkabidhi jerikeni mama mmoja wa Kismayu. Simtaji jina kwa kuwa wanawe bado wanaishi kule. Alikuwa na duka kwao kabla ya vita, na alijua kumtazama mteja usoni akatambua kama atalipa deni lake. Alizungumza Kiswahili cha pwani alichokipata kwa majirani zake Wabajuni, na maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili niliyatoa kinywani mwake kabla sijaingia darasani. Mama huyu alikuwa na wateja na akili ya biashara, lakini hakuwa na kipande, yaani kitambulisho cha Kenya. Hooyo alikuwa na kipande, lakini hakuwa na mtaji.

Sera ya Kenya tangu 1991 ilikuwa kwamba mkimbizi akae kambini. Bila hati ya kusafiria iliyotolewa na ofisi, hakuruhusiwa kufika hata Garissa, mwendo wa kilomita mia moja hivi, na akishikwa kwenye kizuizi cha polisi angelala ndani au angetoa chochote alicho nacho. Kwa hiyo mama wa Kismayu alimpa hooyo fedha zake, na hooyo alipanda basi hadi Garissa, akanunua vitunguu, viazi, sabuni na nyanya, akarudi navyo, wakauza na kugawana faida. Hawakuandikiana chochote. Mtu mwenye kitambulisho alimkopesha asiye nacho haki ya kutembea, na asiye nacho akamkopesha mwenzake fedha. Nusu ya maduka ya Ifo niliyoyajua utotoni yalisimama juu ya mapatano ya namna hii, na nikiulizwa ubunifu wa jamii Ifo uko wapi, naanzia hapo.

Pembeni ya mapatano hayo kulikuwa na ayuuto, ambayo wengine huiita hagbad. Kina mama hutoa kiasi kilichokubaliwa kila wiki, mweka hazina anakusanya, na mmoja anapokea yote kwa zamu. Hakuna riba. Zamu hupangwa kwa kura, ila mwenye mgonjwa au mwenye harusi husogezwa mbele, na hilo huamuliwa papo hapo kwa mdomo. Ayuuto za Ifo zilikuwa na kanuni ambayo sijaisikia kwingine: aliyekuwa na faili la kuhamishiwa Marekani au Kanada alitakiwa awe na mdhamini asiye na faili, kwa sababu jina lake likibandikwa ubaoni angeweza kuondoka kabla zamu za wenzake hazijafika. Baadhi ya waliosafiri waliendelea kutoa michango yao kutoka Minneapolis. Ndani ya kikundi cha hooyo walikuwemo wenyeji na wakimbizi, na ugomvi wa koo uliotokea nje ya uzio haukuwahi kukivunja, ingawa mara kadhaa ulikitikisa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwa ajili ya serikali za Kenya, Denmark na Norway ulikadiria kwamba kambi na shughuli zake ziliwaletea wenyeji wa eneo faida ya takriban dola milioni 14 kwa mwaka, na kwamba biashara za ndani ya kambi ziliuza bidhaa za dola milioni 25. Nilipousoma nilifurahi kwamba hatimaye mtu amehesabu. Lakini ukurasa wa takwimu haukuniambia fedha hizo zilipitaje kwa watu wasioruhusiwa kufungua akaunti wala kutoka kambini. Zilipita kwenye mikono ya kina mama.

Zilipita pia hewani. Kabla ya simu za mkononi, masokoni kulikuwa na taar, redio za mawasiliano ya masafa marefu, na mtu aliingia kibandani akapaza sauti kwa ndugu yake aliyekuwa Kismayu, Nairobi au mbali zaidi, huku kila aliyekuwa kwenye foleni akisikia habari za familia nzima. Xawilaad, njia ya kutumiana fedha, ilifanya kazi pamoja na redio hizo: fedha zilitolewa Jeddah au Minnesota, na Ifo ukazipokea kwa kutaja jina lako, la baba yako, la babu yako, na ukoo. Mtaalamu wa Kiholanzi Cindy Horst, aliyeishi na watu wa Dadaab akichunguza mambo haya, alichapisha mwaka 2006 kitabu kilichoonyesha jinsi fedha za ndugu zilivyokuwa nguzo ya maisha ya kambi. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, serikali ilizifungia kampuni 13 za xawilaad hadi Juni. Kwa majuma hayo Ifo ilijua ni mgao upi hasa uliokuwa ukiilisha.

Sasa nije kwenye kazi.

Kambi yenye watu wengi kuliko miji mingi ya Kenya haiendeshwi na wageni wanaolala nyuma ya uzio na kutoka saa tatu asubuhi kwa msafara wa polisi. Aliyewasha injini ya kisima alikuwa mkimbizi. Aliyemshika mama mkono akijifungua usiku alikuwa mkunga mkimbizi. Mkalimani, mpima uzito wa watoto, mteka mafuta ya mgao, mwalimu wa darasa la watoto zaidi ya mia moja, mlinzi wa usiku wa bloku: wote walikuwa wakimbizi. Na kwa kuwa sheria haikuwapa kibali cha kazi, hawakulipwa mshahara. Walilipwa kitu kinachoitwa insentivu, shilingi elfu chache kwa mwezi, kiwango ambacho mashirika yalikubaliana ili lisiwepo lolote linalolipa zaidi ya jingine. Kwenye chumba kimoja cha walimu alikaa Mkenya mwenye mshahara na mkimbizi mwenye insentivu, wote wakisahihisha mtihani uleule wa Kiswahili wa darasa la nane. Nimewahi kukaa kwenye chumba kama hicho, nikiwa upande wa mshahara. Mwenzangu alikuwa akifundisha vizuri kuliko mimi.

Wenye miradi walieleza kwamba huo ni mchango wa jamii, kwamba mtu anayejitolea kwa ajili ya watu wake hapaswi kudai ujira kama wa ofisini. Hoja hiyo siikubali. Kujitolea ni ile zakat ya msikitini, ni kule kumjengea jirani aqal yake. Mtu anayeamka alfajiri siku tano kwa wiki, anayetia sahihi kitabu cha mahudhurio na anayefukuzwa akichelewa, huyo ameajiriwa. Hadi mwaka 2006 Kenya haikuwa hata na sheria yake ya wakimbizi, na ilipopatikana haikubadilisha malipo hayo. Insentivu imezeesha watu. Ninawajua waliopokea insentivu wakiwa vijana na ambao sasa watoto wao wanaipokea katika kazi ileile.

Historia inayonifundisha zaidi jinsi watu wanavyoweza kushirikishwa na wasisikilizwe ni historia ya kuni. Katika miaka ya mwanzo, wanawake waliotoka nje ya Ifo kuokota kuni walivamiwa na majambazi na kubakwa. Mwaka 1993 taarifa za haki za binadamu zililiweka jambo hilo wazi mbele ya ulimwengu. Uzio wa miiba ukapandwa kuzunguka kambi. Mwaka 1998, kwa dola milioni 1.5 kutoka serikali ya Marekani, ukaanza mradi wa kugawa kuni chini ya shirika la Kijerumani la GTZ, ili mwanamke asilazimike kutoka. Kuni zenyewe ziliagizwa kwa zabuni kutoka kwa vikundi vya wenyeji, na hapo ndipo Dadaab ilipoona malori yakipata kazi.

Nilikuwa msichana wakati huo na nakumbuka mabishano ya watu wazima. Mwenye lori alisifu mradi. Hooyo alimuuliza abti yangu, ndugu yake, aliyekuwa kwenye kikundi kimoja cha zabuni, swali ambalo halikujibiwa: kuni zikiisha kabla ya mgao ujao, mwanamke atapikia nini? Mwaka 2001 tathmini iliyofanywa kwa ajili ya UNHCR ilitoa jibu la namna yake. Kuni za mradi zilitosheleza sehemu ndogo tu ya mahitaji ya nyumbani. Ubakaji wakati wa kuokota kuni ulipungua katika vipindi ambavyo mgao ulikuwa kamili, lakini mahali pengine uliongezeka. Tathmini ikaeleza kwamba hatari haikuwa kwenye kuni peke yake, ilikuwa kwenye ukosefu wa usalama wa eneo zima. Wanawake wa Ifo walikuwa wakisema hivyo tangu mwanzo. Pia walikuwa wakiokota kuni za kuuza, si za kupikia tu, kwa sababu ndiyo kazi iliyopatikana kwa asiye na mtaji. Fedha hazikupotea bure, na mwanamke mmoja aliyenusurika ni sababu ya kutosha. Lakini nafikiri mama mmoja wa kuuza kuni angeketishwa mezani mwaka 1998, na akaachwa azungumze mpaka amalize, mradi ungepangwa vingine.

Kwa upande wa uongozi kulikuwa na maendeleo ya kweli, na ni haki niyataje. Mwanzoni chakula kilipitia kwa wazee wa bloku, na penye kijiko kirefu wapo wanaokula zaidi. Baadaye kila familia ikachota mgao wake kwa kadi yake. Viongozi wa sehemu wakaanza kuchaguliwa, mwanamume na mwanamke pamoja, na kila kambi ikawa na mwenyekiti wa kiume na wa kike. Mwanamke kusimama mbele ya wazee akagombea kiti halikuwa jambo dogo. Walioshinda walipokewa kwanza kwa minong'ono, kisha kwa mashtaka ya kila aina mlangoni mwao usiku, ambayo ndiyo dalili kwamba watu wamekubali. Viongozi hao hawakuwa na bajeti wala sauti ya mwisho juu ya kitu chochote. Walikuwa masikio ya mashirika, na mara nyingi zaidi walikuwa midomo yao: waliitwa kuelezwa uamuzi ili wakaueleze.

Ndipo ukaja mwaka 2011.

Mvua ilikosekana misimu miwili mfululizo. Tarehe 20 Julai Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kusini mwa Somalia, lakini sisi hatukuhitaji tangazo. Tangu Juni watu zaidi ya elfu moja walikuwa wakifika Dadaab kwa siku. Kambi zilikuwa zimejaa tangu zamani, kwa hiyo waliofika walitua nje ya Ifo, kwenye mchanga mtupu, wakachomeka vijiti na kutandaza khanga juu yake. Jirani tu palikuwepo kambi mpya ya Ifo 2, imechorwa, ina mabomba na vyoo, lakini haina watu, kwa kuwa serikali ilikuwa bado haijatoa ruhusa. Waziri Mkuu Raila Odinga alizuru katikati ya Julai akatangaza kwamba ifunguliwe. Mwisho wa mwaka Dadaab ilikuwa na watu zaidi ya 460,000.

Kati ya mtu kufika na kupewa kadi zilipita siku nyingi, wakati mwingine majuma. Ni nani aliyemlisha katika siku hizo? Misikiti ya Ifo ilitangaza baada ya sala, na kila nyumba ikatoa. Watu ambao wenyewe waliishi kwa mgao walitoa kikombe cha unga, sahani, kanzu, viatu vya mtoto. Vijana walikusanya kwa mikokoteni na magari ya punda, kamati ikagawa kwa orodha iliyoandikwa kwenye daftari la shule. Wafanyabiashara walitoa tende na maji. Hooyo na wenzake walitenga jerikeni moja kila siku kwa watoto wa pembezoni, na ayuuto ile ikasimamisha zamu zake kwa makubaliano ya wote, fedha za majuma hayo zikanunua turubai. Wengi wa waliofika miguu yao ilikuwa imepasuka vibaya. Wengine walikuwa wamewaacha watoto njiani na hawakuwa wakizungumza. Waliopokea hali ile walikuwa wametembea njia hiyohiyo miaka ishirini kabla, na hawakuhitaji mafunzo ya siku tatu kuelewa la kufanya.

Tarehe 13 Oktoba mwaka huo wafanyakazi wawili wa Madaktari Wasio na Mipaka, wanawake raia wa Uhispania, walitekwa wakiwa kazini upande wa Ifo 2. Waliachiliwa Julai 2013, baada ya miezi 21 ya mateso ambayo nayahuzunikia hadi leo. Siku chache baada ya utekaji ule jeshi la Kenya liliingia Somalia. Mashirika yaliwaondoa watu wao kambini, yakabakisha huduma za kuokoa maisha tu: maji, chakula, matibabu ya dharura. Na hata hizo, nani wa kuzitoa?

Walizitoa wale wa insentivu. Injini za visima ziliwashwa asubuhi kama kawaida. Walimu wakimbizi walifungua madarasa wenyewe, mkubwa wao akashika funguo na chaki. Kwenye zahanati waliobaki walipiga simu kwa daktari aliyekuwa Dadaab mjini au Nairobi, wakaeleza dalili, wakafuata maagizo. Mgao ulipofanyika, mizani, foleni na ugomvi vilisimamiwa na kamati za bloku. Kambi nzima, ambayo kwa ukubwa ingekuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Kenya, iliendeshwa na watu ambao kisheria hawakuwa na kazi.

Kazi hiyo waliilipia ghali. Mabomu yalianza kutegwa kwenye njia za misafara ya polisi, na Desemba, baada ya mlipuko mmoja, polisi waliingia Ifo wakapiga watu na kupora maduka, mambo ambayo Human Rights Watch iliyaandika katika ripoti yake ya Mei 2012. Watu wa usalama walimwona kila mkazi kuwa mshukiwa. Wanamgambo nao walimwona kila anayeshirikiana na polisi kuwa msaliti. Mwisho wa Desemba 2011 na mwanzo wa Januari 2012 viongozi wawili wa wakimbizi, mmoja wa Hagadera na mmoja wa Ifo, waliuawa kwa risasi. Walikuwa wamejitolea katika vikundi vya amani na usalama ambavyo miradi ilikuwa imevihimiza. Nilitafuta nione ni fidia gani familia zao zilipata kwa mujibu wa kanuni za kazi, nikaelezwa kwamba hawakuwa waajiriwa. Baada ya mauaji yale viongozi wengine walijiuzulu au wakajificha, na siwalaumu. Wengine waliendelea kwa simu, wakibadilisha mahali pa kulala.

Juni 2012 wafanyakazi wa Baraza la Wakimbizi la Norway walishambuliwa Ifo 2, dereva Mkenya akauawa, na wageni wanne wakatekwa na kuokolewa siku tatu baadaye. Mashirika yalizidi kuendesha mambo kutoka mbali. Kwenye mikutano ya wafadhili walianza kusifu jinsi jamii ilivyobeba jukumu. Sifa hizo zilikuwa za kweli. Insentivu ilibaki palepale.

Yaliyofuata yanajulikana, nayapitia upesi. Novemba 2013 Kenya, Somalia na UNHCR zilitia sahihi mkataba wa kurudi nyumbani kwa hiari. Mei 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab, na Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akaamua kwamba hatua hiyo ilikiuka katiba. Maelfu walirudi Somalia hata hivyo. Ifo 2 ilifungwa mwaka 2018, mabomba yakang'olewa, na miti ya mathenge ikaanza kumea palipokuwa na vibaraza vya watu. Mama wa Kismayu hakurudi. Alisema amekwisha kujenga mara mbili, hatajenga ya tatu.

Katika miaka hiyo lilijitokeza lile jambo la wenyeji waliojiandikisha kambini wakati wa ukame. Watoto wao, Wakenya wa kuzaliwa, walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kipande, alama za vidole vyao zilikutwa kwenye daftari la wakimbizi. Makumi ya maelfu ya watu wa Garissa walikwama hivyo. Wanafunzi wangu wawili waliomaliza vizuri walikosa nafasi za chuo kwa ajili hiyo, na wazazi wao waliandikisha majina yale ili wapate unga. Wenyeji na wageni waliokuwa wakikopeshana kipande kwa imani sasa walikuwa na msiba mmoja.

Mwaka 2021 ilipitishwa sheria mpya ya wakimbizi, na tarehe 28 Machi 2025 Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa manispaa ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi, watafanya kazi na watahudumiwa pamoja. Nimeusoma kwa matumaini, kwani unataka kuhalalisha yale ambayo hooyo na mwenzake waliyafanya kwa kujificha. Viongozi na wananchi wa Garissa walilalamika kwamba hawakuulizwa ipasavyo, nao wana haki, maana Katiba ya 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10 kama msingi wa utawala. Wakimbizi nao wanauliza kibali cha kazi kitapatikana lini na kwa gharama gani. Wakati huohuo fedha za wafadhili zimekatwa, mgao umepunguzwa, na tangu katikati ya 2025 familia zimepangwa katika makundi kulingana na hali zao, kundi la juu likiwa halipati kitu. Wenye maduka wa Ifo wanakopesha bila kujua watalipwa lini.

Manispaa itahitaji bodi, na bodi itahitaji wajumbe. Ombi langu kwa wanaoandika kanuni zake ni la vitu viwili. Mwalimu, mkunga na mwendesha kisima wa Ifo wapewe mkataba na mshahara wa kazi wanayoifanya, wenye kiwango kimoja na wa Mkenya aliye kando yao, na miaka yao ya insentivu ihesabiwe kuwa uzoefu. Na kwenye bodi hiyo waketi wauza maziwa na wauza kuni, wa pande zote mbili za uzio, walipwe posho ya kikao ileile anayolipwa mhandisi, na kumbukumbu za kikao ziandikwe kwa lugha wanayoisoma. Hooyo ameshazeeka, lakini ayuuto bado inakutana kila wiki, na mweka hazina wa sasa ni binti wa mama wa Kismayu. Wakimtafuta mjumbe, wanajua alipo.